Funzo Lisilotamkwa: Kicheko na Malezi katika Hadithi za Le Petit Nicolas

Utangulizi

Katika fasihi ya watoto kuna aina moja ya kitabu ambayo wahakiki wa Kiswahili wameigusa mara chache. Ni kitabu cha msomaji aliyekwisha kujua kuunganisha silabi lakini ambaye bado hana pumzi ya kuimaliza riwaya. Msomaji huyo ana umri wa miaka 7 hadi 10 hivi. Sura za kitabu chake ni fupi, kila moja inajitegemea, picha zipo lakini hazibebi tena hadithi nzima, na mara nyingi kitabu chenyewe kinachekesha. Kicheko hapa si pambo. Mtoto wa umri huo akichoka hakivumilii kitabu kwa ajili ya mtihani, bali hukiacha chini ya kitanda na kwenda kucheza. Kicheko ndicho kinachomfanya afungue sura inayofuata.

Kitabu hicho hicho kinadaiwa pia kufundisha. Mzazi, mwalimu na mchapishaji wote huuliza: kinafunza nini? Swali hilo ni halali, kwani jamii isiyojali watoto wake wanasoma nini haiwezi kulalamika baadaye juu ya tabia zao. Tatizo liko mahali jibu linapotafutwa. Katika vitabu vingi vya kusomea shuleni jibu limewekwa mwishoni mwa hadithi, chini ya mstari, kwa neno moja: Funzo. Mtoto mwerevu hutambua upesi kwamba anaweza kuiruka hadithi, akakariri mstari ule wa mwisho, na bado akapata alama zote.

Makala haya yanachunguza hadithi za Le Petit Nicolas, zilizoandikwa na René Goscinny na kuchorwa na Jean-Jacques Sempé, kama mfano wa vitabu vya kuchekesha vinavyolea bila kuhubiri. Hoja yake ni kwamba katika vitabu vya aina hii funzo na kicheko ni kitu kimoja, na kwamba funzo likitolewa nje ya kicheko na kutamkwa peke yake, huharibika. Mwishoni makala yanauliza mwandishi wa Kiswahili wa Kongo anaweza kuchukua nini kutoka kwa vitabu hivi, na nini aviachie Wafaransa wenyewe.

Asili ya vitabu

Nicolas alizaliwa katika gazeti la Kibelgiji. Kati ya 1955 na 1956 Goscinny na Sempé walichapisha katika Le Moustique vichekesho vya picha juu ya mtoto mwenye jina hilo. Jaribio hilo halikudumu. Mwaka 1959 walilirudia kwa sura nyingine: safari hii Goscinny aliandika hadithi fupi za nathari, na Sempé akazipamba kwa michoro, kwanza katika gazeti la Sud Ouest Dimanche la Bordeaux, kisha katika jarida la Pilote. Kitabu cha kwanza, Le Petit Nicolas, kilitolewa na Denoël mwaka 1960. Vingine vinne vilifuata, kimoja kila mwaka, hadi 1964. Goscinny, ambaye ulimwengu unamjua zaidi kwa Astérix, alifariki mwaka 1977. Sempé alifariki mwaka 2022. Mwaka 2004 binti yake Goscinny, Anne, alitoa mkusanyo mkubwa wa hadithi ambazo zilikuwa zimebaki magazetini bila kuingia vitabuni.

Yafaa kukumbuka waandishi hao walikuwa nani. Goscinny alizaliwa Paris mwaka 1926, lakini alikulia Buenos Aires, ambako familia yake ya Kiyahudi ilihamia angali mtoto mdogo. Wakati wa vita vya pili vya dunia baadhi ya ndugu za mama yake waliuawa katika kambi za Wanazi. Sempé, aliyezaliwa mwaka 1932 karibu na Bordeaux, alieleza hadharani zaidi ya mara moja kwamba utoto wake ulikuwa wa umaskini na ugomvi wa nyumbani. Kwa hiyo shule ile ya Kifaransa yenye jua, uwanja wa mpira na mikate ya siagi ilitungwa na mmoja aliyesomea ng'ambo ya bahari na mwingine ambaye utoto ulimnyima raha. Hakuna kati yao aliyeandika kumbukumbu. Waliumba utoto waliotamani uwepo, na labda ndiyo sababu wanaulinda kwa upole mkubwa hivyo.

Msimulizi asiyejua anachokisema

Nguzo ya fani katika vitabu hivi ni msimulizi. Nicolas anasimulia kwa nafsi ya kwanza, kwa sentensi ndefu zinazofuatana bila kupumzika, zikiunganishwa na "halafu" juu ya "halafu", kama mtoto anayerudi nyumbani akikimbia na mengi ya kusema. Anaripoti kila kitu kwa uaminifu. Lakini haelewi nusu ya anayoyaripoti. Anasema kwamba mama na baba "wanazungumza" sebuleni, na msomaji anasikia ugomvi. Anashangaa kwa nini mwalimu wao, ambaye anampenda sana, leo ana macho mekundu, na msomaji anajua ni kwa sababu ya darasa lenyewe.

Kinaya hiki ndicho chombo cha kufundishia. Kati ya lile analosema Nicolas na lile analoelewa msomaji pamebaki pengo, na msomaji mwenyewe ndiye anayelijaza. Mtoto wa miaka 7 atacheka kwa sababu watu wanapigana ngumi. Akikirudia kitabu akiwa na miaka 10 atacheka kwa sababu amegundua kwamba mkubwa alidanganya. Mzazi anayemsomea atacheka kidogo zaidi, kisha atanyamaza, kwa kuwa mkubwa yule anafanana naye. Hadithi ni ile ile, lakini kila msomaji ameondoka na funzo linalolingana na umri wake. Mstari mmoja wa Funzo uliochapwa mwishoni ungewapa wote watatu chakula kimoja, tena kilichokwisha kutafunwa.

Wahusika nao wamejengwa kwa ufundi ambao msikilizaji wa hadithi za Kiafrika ataufahamu mara moja. Kila rafiki ana sifa yake, na sifa hiyo hurudiwa karibu kila anapotajwa. Alceste ni mnene na anakula daima. Geoffroy ana baba tajiri anayemnunulia kila atakacho. Eudes ana nguvu na hupenda kupiga watu puani. Agnan ni wa kwanza darasani na kipenzi cha mwalimu, na miwani yake humwokoa na kipigo. Clotaire ni wa mwisho darasani. Rufus ni mtoto wa polisi, na Maixent ana miguu mirefu ya kukimbilia. Urudiaji huu hufanya kazi kama kiitikio katika ngano, au kama majina ya sifa katika kasala ya Waluba: humsaidia anayeanza kusoma kumtambua kila mtu bila kurudi nyuma, na humpa raha ya kungojea jambo analolijua.

Michoro ya Sempé inakamilisha kazi hiyo kwa njia yake. Watoto wake ni wadogo kabisa katika ukurasa mweupe, wamechorwa kwa mistari myembamba, na wanapokuwa kundi ni vigumu kumtofautisha Nicolas na wenzake. Majengo, walimu na miti huwa juu yao. Nathari inamwambia mtoto kwamba yeye ndiye kitovu cha ulimwengu, na picha inamkumbusha kwa upole kwamba yeye ni mmoja kati ya wengi.

Mkaguzi na jibini

Katika kitabu cha kwanza imo hadithi moja ambayo inaweza kusomwa kama nadharia nzima ya fasihi ya watoto. Mkaguzi wa shule anakuja kulitembelea darasa. Mwalimu ana wasiwasi na anawasihi watoto wawe na adabu. Kila hatua ya kutaka mambo yawe mazuri inazidi kuyaharibu: madawati yanahamishwa, wino unamwagika, na mkaguzi mwenyewe anachafuka. Ili kuokoa hali, anageukia jambo la heshima, yaani hekaya ya La Fontaine juu ya kunguru na mbweha. Hekaya hiyo inajulikana vyema kwa yeyote aliyesomeshwa kwa Kifaransa, Kongo ikiwemo: kunguru ana jibini mdomoni, mbweha anaisifu sauti yake, kunguru anafungua mdomo ili aimbe, na jibini inaanguka.

Mkaguzi anataka maana. Watoto wanataka kujua ilikuwa jibini gani. Mmoja anataja aina hii, mwingine anataja ile, wa tatu anasema kunguru asingeweza kuishika, na mara ugomvi umezuka. Mkaguzi anaondoka akiwa amebadilika. Yule aliyekuja kumhukumu mwalimu anamwacha kwa maneno ya huruma na kumtia moyo, akikiri kwamba kazi yake ni wito mtakatifu.

Goscinny ameiweka hekaya maarufu ya mafunzo katikati ya kichekesho, akaonyesha kwamba watoto wameing'ang'ania hadithi na kuliacha funzo. Je, wamekosa? Wamefanya kile ambacho kila msikilizaji mzuri hufanya: wameamini kwamba kunguru yupo, kwamba jibini ipo, na kwamba ni muhimu kujua ina uzito gani. Bila imani hiyo hekaya haina nguvu ya kumwonya mtu yeyote. Na funzo la kweli la sura hiyo halimo katika hekaya ya kunguru. Limo katika sauti ya mkaguzi mwishoni, pale mtu mwenye cheo anapojifunza heshima kwa mtu wa chini yake. Nicolas halitaji funzo hilo wala halioni, lakini msomaji analichukua.

Kwa msomaji wa Kongo tukio hili lina uchungu wake wa ziada. Vizazi vya watoto katika shule za Lubumbashi, Bukavu au Kisangani vimekariri jina la jibini ambayo havijaionja wala kuiona. Watoto wa Nicolas wanagombana juu ya jibini kwa sababu iko mezani kwao kila siku. Mtoto aliyekariri bila kuiona hawezi kugombana. Anaweza kutoa funzo tu, kwa kuwa funzo ndilo pekee alilopewa. Hivyo ndivyo shule inavyoweza kumpa mtoto maadili ya hadithi na kumnyima hadithi yenyewe.

Mafunzo matatu

Ikiwa funzo halitamkwi, lazima mhakiki aweze kuonyesha kwamba lipo. Vinginevyo dai la kufundisha bila kuhubiri litakuwa kisingizio cha uvivu. Hadithi tatu zatosha.

Ya kwanza ni ile ya shada la maua. Ni siku ya kuzaliwa ya mama. Nicolas ametumia akiba yake kununua maua, naye anatembea nayo kwa fahari. Njiani anakutana na marafiki mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ana neno la kejeli, na kila neno linazaa vita. Anapofika nyumbani shada limekwisha, limebaki ua tu. Mama anamkumbatia, anamwambia hajapata kupewa shada zuri kama hilo, na kuliweka ua katika chombo kikubwa cha sebuleni. Mtoto anajifunza hapa kwamba zawadi hupimwa kwa moyo wa anayeipokea pia, na kwamba mkubwa anaweza kuona safari nzima ya shada katika ua lililobaki. Haya yote yamesemwa kwa tendo moja la mama, pasipo hotuba.

Ya pili ni ile ya sigara. Nicolas na Alceste wanajificha kuvuta sigara nene, na wanaugua. Kitabu cha maadili cha kawaida kingeishia hapo: watoto wamekosa, mwili umewaadhibu, yametimia. Lakini Goscinny anamfuata Nicolas hadi nyumbani. Mama anamwona mtoto amekwisha rangi, anamtazama baba aliyekaa na kiko chake katikati ya moshi, na anamlaumu yeye. Tangu siku hiyo baba anakatazwa kuvuta ndani ya nyumba. Hukumu imemwangukia asiyekosa, na hata hivyo kuna haki fulani ndani yake: mtoto amejifunza moshi kutoka wapi, kama si kwa wakubwa? Mstari wa Funzo ungeandika kwamba watoto wasivute sigara. Hadithi inasema zaidi ya hapo, na inayemwambia si mtoto peke yake.

Ya tatu ni ile ya ripoti za shule. Karibu darasa zima limepata alama mbaya, na Nicolas anarudi nyumbani akiiogopa hasira ya baba. Anakuta wazazi wamo katika mzozo wao juu ya fedha. Baba anatia sahihi ripoti bila kuiangalia sawasawa, na hakuna anayemkaripia. Nicolas anaingia chumbani akilia: wazazi wangekuwa wanampenda, wangemjali japo kidogo. Msomaji anacheka, kwani mtoto analilia adhabu aliyoiogopa njia nzima. Lakini kicheko hicho kimebeba ukweli mzito wa malezi, kwamba kutojaliwa kunauma kuliko karipio. Mhenga amesema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Goscinny anaonyesha saa ile ile ambapo mtoto anahisi kwamba mamaye na babaye wamegeukia pengine.

Mapungufu

Sifa hizi hazimaanishi kwamba vitabu hivi havina dosari. Kwanza, ni ulimwengu wa wavulana. Wasichana wanaingia mara chache. Louisette, binti wa rafiki wa mama, ni mhusika mzuri sana: mbele ya wakubwa ni mpole, nyuma yao ni jeuri, na mkwaju wake wa mpira unavunja kioo ambacho Nicolas ndiye analaumiwa. Anathibitisha kwamba mwandishi angeweza kuandika wasichana kama angetaka. Anabaki mgeni, na msomaji wa kike analazimika kucheka akiwa nje ya uwanja.

Pili, urudiaji wa sifa una gharama. Alceste hatatoka katika unene wake, na Clotaire hatatoka katika nafasi ya mwisho. Kila Clotaire anapoitwa ubaoni, msomaji anajua kwamba atanyimwa mapumziko. Katika kichekesho hilo ni sawa. Darasani, ambako yupo Clotaire wa kweli anayeisikiliza hadithi hiyo, kicheko kinaweza kumwangukia yeye. Mwalimu anayevitumia vitabu hivi anapaswa kulijua hilo. Itikio la kitabu chenyewe ni dogo lakini lipo: marafiki wanamcheka Clotaire, lakini hawamtengi. Anacheza nao, anapigana nao, na siku inayofuata yupo nao. Uaminifu huu wa kundi, ambao haujawahi kutangazwa popote kama fadhila, ndio pengine somo kuu la vitabu vyote vitano.

Tatu, hakuna njaa, hakuna karo ya shule isiyolipwa, hakuna mwalimu asiyepata mshahara. Ugomvi wa wazazi juu ya fedha ni ugomvi wa watu ambao fedha wanazo. Mwandishi wa Kongo atakayeiga mandhari haya kama yalivyo atawaandikia watoto wasiokuwapo.

Hadithi za jioni na swali la mwisho

Wako wanaoutetea mstari wa Funzo kwa kusema kwamba ni desturi ya Kiafrika: wazee walisimulia ili kuonya. Dai hilo lina ukweli, ila ni nusu yake. Ziko ngano zinazomalizika kwa wosia, na ziko zinazoeleza asili ya jambo fulani. Lakini zile zinazopendwa na watoto zaidi, za Sungura upande wa pwani, za Kalulu kusini mwa Katanga, za Kabundi kwa Waluba, na za Abunuwasi, ni ngumu kuzifunga kwa wosia mmoja. Mjanja hushinda kwa udanganyifu, humdhulumu mwenye nguvu, na pengine hudhulumu hata rafiki. Msimulizi wa jioni hakuona haja ya kuomba radhi kwa ajili yake. Aliwaamini wasikilizaji wacheke kwanza, wabishane baadaye, na wajue wenyewe wakati upi mnyonge anaruhusiwa ujanja na wakati upi ujanja ni wizi. Swali "hadithi hii inatufundisha nini?" lina harufu ya chaki kuliko ya moshi wa kuni.

Fasihi andishi ya Kiswahili nayo ina njia yake. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert aliwapa wahusika majina yanayotangaza tabia zao: Adili ni mwema, Hasidi na Mwivu ni waovu, na mfalme anaitwa Rai. Hadithi ile ni nzuri na nathari yake ni ya kupigiwa mfano. Lakini msomaji anaijua hukumu tangu ukurasa ambapo jina limetajwa. Ni usanii wa fumbo la wazi, unaomfaa msomaji anayetaka kutafakari wema na uovu kama dhana. Mtoto wa miaka 8 anaishi katika ulimwengu mwingine, ambamo Hasidi wa asubuhi ndiye Adili wa jioni, na ambamo yeye mwenyewe ni wote wawili kabla ya chakula cha mchana. Mtoto huyo anahitaji wahusika wasiojua majina yao. Si lazima achague kati ya Shaaban Robert na kichekesho. Anastahili vyote viwili, kila kimoja kwa saa yake.

Lugha ya mtoto

Linabaki swali gumu kuliko yote, nalo ni la lugha. Kifaransa cha Nicolas si kile cha mwalimu wake. Ni lugha ya uwanja wa shule, yenye maneno ya kitoto ya kusifu na kukuza mambo, na yenye sintaksia ya mbio. Goscinny aliitengeneza kwa uangalifu, akaiondolea matusi na kuiachia pumzi. Mtoto wa Kifaransa aliyesoma kitabu cha kwanza mwaka 1960 alikutana, pengine kwa mara ya kwanza, na ukurasa uliochapwa unaosema kama yeye.

Kwa Kiswahili cha Kongo jambo hili si jepesi. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini kitabu kinapochapwa kwa Kiswahili, mara nyingi kinafuata sanifu ya Afrika Mashariki. Mtoto wa Lubumbashi hasemi "watoto wako shuleni"; kwake ni "batoto", nao wako "ku masomo". Mwandishi akimpa msimulizi wa miaka 8 Kiswahili sanifu kilichonyooka, mtoto huyo atasikika kama mtangazaji wa redio aliyevaa kaptula. Akimpa lugha ya mtaani tupu, mwalimu atakikataa kitabu, na msomaji wa Goma au wa Bunia atajikuta mgeni ndani yake.

Njia ya kati ipo. Masimulizi yanaweza kubaki katika sanifu nyepesi, yenye sentensi zinazofungamana kwa "halafu", "basi" na "na tena", huku mazungumzo yakichukua sauti ya nyumbani na ya uwanjani. Pengo kati ya sauti hizo mbili litakuwa chanzo kingine cha kicheko, na pia funzo: mtoto ataona kwamba lugha yake ina mlango wa kuingilia kitabuni. Lubumbashi yenyewe imekwisha kutoa ushahidi kwamba Kiswahili chake kinaweza kuchekesha na kuonya kwa pamoja. Kundi la Mufwankolo lilifanya hivyo kwa miongo kadhaa, jukwaani na redioni, na Johannes Fabian, katika Power and Performance (1990), alieleza jinsi lilivyoujenga mchezo mzima juu ya usemi kwamba mamlaka huliwa mazima. Wakubwa wa mji walijifunza kwa kucheka, kwa lugha yao. Ni watoto waliobaki na mstari wa Funzo.

Mfano mmoja waonyesha kwamba tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Msimamizi wa nidhamu katika shule ya Nicolas anaitwa Bouillon, yaani supu. Sababu ni kwamba huwaambia watoto wamtazame machoni, na Wafaransa husema kwamba mafuta yanayoelea juu ya supu ni "macho". Kwa Kiswahili mzaha huo unakufa. Lakini amri yenyewe inazaa mwingine ulio bora. Katika nyumba nyingi za Kiafrika mtoto anayekaripiwa huinamisha macho, na anayemkazia mkubwa macho huambiwa ana macho makavu. Msimamizi anayeamuru "nitazame machoni" anaamuru kile ambacho mama amekataza. Mtoto aliye katikati ya adabu mbili afanye nini? Akitii shuleni amekosa nyumbani. Msimamizi huyo akipewa na watoto jina la Macho Makavu, kicheko kitakuwa cha Kiswahili, na swali la adabu litakuwa la Kongo, ambako kila asubuhi mtoto hutoka katika adabu moja na kuingia katika nyingine.

Hitimisho

Hadithi za Le Petit Nicolas zinaonyesha kwamba kitabu cha kuchekesha cha msomaji mchanga kinaweza kubeba malezi mazito: upendo unaopokea ua moja kama shada, wakubwa wanaofundisha kwa matendo wasiyoyakusudia, uchungu wa kutojaliwa, uaminifu wa kundi lisilomwacha aliye wa mwisho. Kinayabeba kwa sababu msimulizi wake haelewi yote, na hivyo msomaji anapata kazi ya kufanya. Dosari zake, hasa ukosefu wa wasichana na ugumu wa wahusika kubadilika, ni sababu ya kutokiiga, bali kukisoma kwa makini.

Mwandishi wa Kiswahili hana haja ya kuazima jibini. Anayo viwanja vyake, wasimamizi wake, ripoti zake za shule na ugomvi wake wa fedha, ambao ni wa kweli zaidi. Anachoweza kuazima ni imani ile kwamba mtoto, akiachiwa hadithi nzima, ataligundua funzo na atalishika, kwa kuwa amelipata mwenyewe. Kazi ya mwalimu nayo haipotei. Badala ya kuuliza hadithi inafundisha nini, anaweza kuuliza nani alicheka na kwa nini. Watoto watajibu wote kwa mara moja, watabishana, pengine watapigana kidogo. Hapo somo litakuwa limeanza.